Daktari Aliyekunywa Chai Akiwa Amesimama

Kwa miaka tisa Daktari aliingia nyumbani kwetu Sosiot karibu kila wiki, na sikumbuki hata siku moja alipokalia kiti. Alikunywa chai akiwa amesimama, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili ukigusagusa vitu: pazia, redio, kalenda ya kanisa, mfuniko wa sufuria. Mama alimwonyesha kiti kile cha mbao chenye kitambaa alichokifuma mwenyewe, naye Daktari alijibu, "Asante Mama, sikai sana," kisha akasimama hapo saa nzima. Kwetu mgeni asiyekaa huwa amekuja na habari mbaya au ana ugomvi na mwenye nyumba. Mama hakulizoea jambo hilo kabisa. Daktari akishaondoka, Mama alikitazama kile kiti kana kwamba chenyewe ndicho chenye makosa.

Tulimwita Daktari, na jina hilo lilimletea taabu. Siku za mwanzo watu walimpelekea watoto wenye homa. Mzee mmoja, jirani yetu, alisikia kwamba ni daktari wa mambo ya macho, akamkokotea ndama mwenye jicho bovu mpaka mlangoni pake.

"Mimi si wa kutibu, mzee," Daktari akamwambia. "Mimi naangalia vile watu wanaangalia."

"Na hiyo ni kazi?"

"Ni kazi."

"Haya basi. Angalia ndama yangu vile inaangalia."

Na kweli aliangalia. Alipiga magoti kwenye matope na tochi yake, akamzunguka yule ndama karibu nusu saa, akapunga vidole huku na huku, halafu akamwambia mzee asimame upande wa kulia anapompa maziwa, kwa sababu upande wa kushoto ndama haoni kitu. Mzee alifanya hivyo na ndama akaacha kurusha teke. Tangu siku hiyo hakuna mtu Sosiot aliyeweza kumshawishi yule mzee kwamba Daktari si daktari.

Kazi yake, nikiieleza kwa maneno yangu, ilikuwa kuchunguza jinsi jicho na ubongo vinavyosaidiana, na jinsi mashine inavyoweza kufundishwa kuvielewa vyote viwili. Alikuwa na maabara katika ghala la zamani nyuma ya kinu cha posho. Kinu kikianza kusaga mahindi, ukuta ulitetemeka, na michoro yote kwenye kompyuta ikatetemeka nao. Mtu mwingine angetafuta chumba kingine. Yeye alitoka nje, akazunguka jengo mara tano, sita, akarudi, akatoka tena, mpaka mwenye kinu akamuuliza kama amepoteza kitu. Alimwambia ndiyo, amepoteza asubuhi.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Ubongo hauoni. Unabahatisha, halafu unajisifu." Alilisema kwa wanafunzi waliomtembelea, kwa mhubiri, kwa mwanamke wa kuuza nyanya. Na kama hukumwamini, alikuwekea punje mbili za mahindi juu ya meza, akakufumba jicho moja, akakwambia ukazie macho punje moja huku ukisogeza kichwa polepole. Ghafla ile punje ya pili ilitoweka. Ipo, lakini huioni. Wenzangu wa shambani walipiga kelele siku alipotuonyesha. Moraa, rafiki yangu aliyetoka Kisii kuja kuchuna majani chai, alishika kichwa.

"Na nyapara?" akauliza. "Unaweza mpoteza namna hiyo?"

"Kwa dakika moja tu," Daktari akasema.

"Dakika moja inatosha."

Kanisani alisali macho wazi. Mimi nilijua kwa sababu na mimi nilichungulia. Alipenda kuona watu mia mbili wakifumba macho kwa pamoja, na nani anayefumbua wa kwanza. Akina mama walilalamika kwa mhubiri, mhubiri akamwita, naye akaeleza kwa unyenyekevu mkubwa kwamba mhubiri mwenyewe ndiye huwa wa kwanza kufumbua. Hakuitwa tena.

Lakini huyuhuyu mtu wa kuangalia macho ya watu hakuweza kukuangalia usoni. Hili lilinikera miaka yote. Ukizungumza naye alitazama begani kwako, au mikononi mwako, au kwenye skrini yake ambako jicho lako lilikuwa nukta nyekundu inayorukaruka. Ile nukta aliijua vizuri. Alisema, "Leo umechoka, nukta yako imekuwa nzito," na alikuwa amesema kweli, lakini ningekuja na kovu jipya shavuni asingelitambua. Aliweza kurudia jaribio moja mara arobaini bila kulalamika, ila birika likichelewa kuchemka alikunywa maji vuguvugu na majani yakielea. Nilimpenda na nilitamani kumtikisa, mara nyingi kwa siku moja.

Sasa niseme lile linalonisumbua, kwa sababu nimekuwa nikilizunguka kama yeye alivyolizunguka ghala.

Tulijuana naye kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho, ambako mimi na Mama tulikuwa tukichuna. Alikuja na miwani yenye vioo vidogo na waya, ya kurekodi jicho linakoelekea mtu akiwa kazini. Aliwachagua wanawake kumi na wawili wenye mikono myepesi. Alitaka kujua jinsi tunavyoona majani mawili na kichipukizi katika kijani kile kisicho na mwisho, na mikono yetu ikienda kasi vile.

Asubuhi ya kwanza, tukifunga aproni zetu za plastiki, Moraa alinong'ona, "Hiyo miwani inaonyesha nyapara macho yako iko wapi. Ukiangalia kando, umefutwa kazi."

Tulimgeukia Mama. Alikuwa amechuna miaka mingi kuliko sisi sote na neno lake lilikuwa la mwisho.

"Huyu ni mgeni," Mama akasema. "Ametoka mbali juu yetu. Hatuwezi mpatia kazi chafu. Kila mtu aangalie ile jani anachuna. Hiyo tu. Asiangalie kando."

Tukafanya hivyo. Wanawake kumi na wawili, wiki sita, tulikazia macho kila jani tulilolishika, kama watoto wanaoonyesha mwalimu daftari safi. Tulichelewa, vikapu vyetu vilipungua, shingo zikauma. Daktari alifurahi mno. Aliandika ukutani kwa chaki maneno ambayo baadaye aliyasema mbele ya watu wengi wa nchi nyingi: jicho hukaa pale mkono unapotaka. Mwaka uliofuata aliniajiri, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuogopa waya. Nikaacha kikapu nikawa mtu wa maabara.

Kutokana na yale maneno alitengeneza mashine yake. Ilikuwa skrini yenye picha zilizopangwa mstari mmoja, kwa ajili ya mtu ambaye mikono na ulimi vimekufa lakini macho bado. Unaangalia picha, jicho likitulia hapo, mashine inasema neno kwa sauti. Mtu wa kwanza kuitumia alikuwa mwalimu mstaafu wa Kedowa, na siku mashine ilipomsemea, "Maji," mke wake aliangusha kikombe. Daktari alitoka nje, akakimbia mpaka barabarani, akarudi akihema. Hakujua furaha aifanyie nini ila kuikimbiza.

Halafu Mama akapata kiharusi.

Tulimkuta bustanini ameanguka kwenye mboga, na aliporudi kutoka hospitali, mwili wote ulikuwa kimya isipokuwa macho. Daktari hakungoja niombe. Alileta skrini siku hiyohiyo, akaifunga mbele ya kiti kikubwa tulichomwekea Mama dirishani. Picha zilikuwa chai, maji, choo, blanketi, kiti kwa ajili ya kutolewa kitandani, mlango, na nyingine zikifuata.

Haikufanya kazi. Au tuseme ilifanya kazi kama mtoto mjeuri. Mashine ilisema, "Maji," tukampa maji, Mama akayaacha yakitiririka kidevuni. Ikasema, "Choo," tukambeba, na hakuwa na haja. Mwanamke aliyeishi kwa chai maisha yake yote alinyweshwa maji miezi na miezi huku machozi yakimtoka, nami nikimfuta na kumwambia atulie. Daktari alibadilisha kamera. Alibadilisha taa. Alipanua picha, akapunguza picha. Alikuja kila siku, akafungua skurubu, akafunga, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta mpaka sakafu yetu ikawa na njia ya matope.

Na kila alipoingia, neno la kwanza la mashine lilikuwa lilelile.

"Mlango."

Mara ya kwanza aliufunga, akadhani ni baridi. Mara ya pili akaufungua. Baada ya wiki kadhaa aliacha kuugusa.

"Mama yako hanitaki hapa," akaniambia, akitazama bega langu.

"Si hivyo, Daktari. Ni mashine."

"Mashine inakosea maneno yote, sawa. Lakini hili inarudia. Kila nikiingia, mlango. Mtu akikuambia mlango kila siku, unaelewa."

Akaanza kuja mara chache. Akija alisimama kizingitini, nusu ndani nusu nje, na mvua ya alasiri ikimlowesha mgongo. Niliona linamuuma. Niliona pia Mama akifumba macho kila Daktari anapoondoka, na hakuna aliyejua anataka kusema nini. Kama Daktari angekata tamaa, Mama angebaki ndani ya mwili wake bila mlango wala dirisha. Hilo nililifikiria kila siku.

Nilipata jibu nikiwa nachuna. Tuna vichaka vichache vya chai nyuma ya nyumba, na Jumamosi moja nilikuwa huko na kikapu, akili iko mbali, nikashtuka. Mikono yangu ilikuwa kwenye kichaka kimoja, macho yangu yalikuwa yametulia kwenye kichaka kinachofuata. Nimekuwa hivyo tangu nijue kuchuna. Sote tuko hivyo. Jicho likishaona jani, limemaliza kazi; linaiachia mikono, linatangulia mbele na kusubiri huko. Nikakimbia ndani nikaangalia kumbukumbu za mashine. Chai ikawa maji. Maji yakawa choo. Kila mara ilikuwa picha inayofuata. Mama alikuwa anachuna neno na kutangulia, na mashine ilimngoja kule mbele.

Nilinyamaza wiki tatu. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa. Kusema ni kumwambia Daktari kwamba kazi iliyomjengea jina ilikuwa maigizo ya wanawake kumi na wawili, na kwamba aliyepanga maigizo hayo ni Mama, ambaye sasa hawezi hata kujitetea. Nilikula bila kuonja. Niliota nukta nyekundu. Kila nilipompa Mama maji nilijiona mwongo.

Siku ya kusema, alikuwa ameinama juu ya skrini maabarani, bisibisi mkononi, na kinu kilikuwa kimenyamaza.

"Daktari, kuna kitu."

"Sema, nasikia."

"Ule mwaka wa kwanza. Miwani. Hatukuangalia vile tunaangaliaga."

Bisibisi ikasimama. "Mliangalia wapi?"

"Pale ulitaka."

"Mimi sikuwaambia nataka wapi."

"Ulikuwa mgeni. Tulikisia."

"Nani alisema mfanye hivyo?"

Akangoja, mtu asiyeweza kungojea birika.

"Mama," nikasema.

Aliweka bisibisi chini taratibu sana. "Na kawaida, mnaangalia wapi?"

"Kichaka ya mbele. Mkono inajua kazi yake."

"Miaka yote hii. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha, Daktari."

Nilitegemea anifukuze. Badala yake alishika mkono wangu akanivuta nje, kwenye mvua, mpaka kwenye vichaka vyetu. "Chuna," akasema. "Bila miwani. Chuna vile unachunaga." Akasimama mbele yangu, akanitazama usoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa niliona rangi ya macho yake. Nilianza kuchuna, naye akaenda kinyumenyume kati ya mistari ya chai, macho yake kwenye macho yangu, maji yakimtiririka puani, mpaka mguu ukakosa ardhi akatumbukia mtaroni chali.

Nikaacha kikapu.

"Endelea!" akapiga kelele kutoka ndani ya mtaro. "Usiniangalie mimi! Angalia kichaka!"

Tulirudi tumelowa kama mbwa. Alikuwa akicheka na kulia, na mimi pia. Halafu akasema niwashe kompyuta niandike barua kwa watu waliochapisha kazi yake. Alitembea huku na huku akinitamkia. Ilikuwa barua fupi: kwamba matokeo yale hayakuwa ya kweli, na kwamba anaomba yaondolewe.

"Niweke sababu?" nikauliza. "Niseme ni sisi?"

"Hapana. Jina la Mama lisionekane popote. Andika: mtafiti aliangalia macho ya watu na hakuwauliza." Akasimama dirishani. "Walinipa adabu yao nikaiita data. Kosa ni langu."

Nimeona watu wakitetea uongo mdogo zaidi ya huo kwa meno na kucha. Yeye aliituma barua kabla nguo hazijakauka.

Iligharimu. Waliokuwa wakilipia kazi yake walisema wanasimama kwanza wafikirie, na kusimama kwao kukawa kwa moja kwa moja. Mwenye kinu alitaka ghala lake arudishe mahindi. Mtu mmoja wa chuo fulani alimpigia simu akamwambia amejiharibia bure, kwani nani angejua? Nilikuwepo. Alisema, "Mama mmoja Sosiot angejua," akakata simu. Baada ya hapo alijifungia siku nne. Nilidhani anaomboleza, kumbe alikuwa anaifundisha mashine upya, iache kumngoja mtu pale inapopataka yenyewe, ijifunze kwanza mwendo wa macho ya mwenye kuitumia.

Alikuja kwetu siku ya kuondoka. Pikapu iliyobeba makabati na nyaya zake ilisimama getini, injini ikinguruma. Alisema atakaa dakika tano tu, afunge skrini, aage. Alisimama kizingitini kama kawaida yake ya siku zile.

"Naogopa," akaniambia wazi. "Kama bado atasema mlango, sitaweza."

Mama alikuwa kwenye kiti chake kikubwa dirishani. Daktari akaiwasha mashine, akarudi nyuma haraka mpaka mlangoni. Macho ya Mama yakaenda kwenye picha, yakatangulia, yakangoja.

"Kiti," ikasema mashine.

Tulitazamana. Nikamwinamia Mama. "Mama, si umekaa tayari?"

"Kiti."

"Umechoka na hii? Nikurudishe kitandani?"

"Kiti. Kiti."

Ndipo nikafuata macho yake. Hayakuwa kwenye skrini tena. Yalikuwa kwenye kile kiti cha mbao chenye kitambaa, kilichokaa tupu pembeni mwa meza, halafu kwa Daktari, halafu kwenye kiti.

Picha ya kiti iko kabla ya mlango. Ile miezi yote, kila Daktari alipoingia, Mama alikuwa anafanya kile ambacho mwanamke wa kwetu hufanya kwanza kwa mgeni, na mashine ilikuwa inamfukuza mgeni wake.

Daktari alielewa kabla sijafungua mdomo. Alifunika uso kwa viganja. "Nilidhani ananifukuza," akasema. "Mungu wangu. Nilidhani ananifukuza."

Akaingia. Alivuta kile kiti, akakaa ukingoni. Mama alimtazama bila kupepesa.

"Chai," ikasema mashine.

Nilimimina vikombe viwili. Cha Mama nilikipoza, nikamnywesha kwa kijiko, na hakuna tone lililomwagika. Daktari alishika chake kwa mikono yote miwili. Hakugusa pazia wala redio. Huko nje dereva akapiga honi, naye akainuka mara moja, kikombe nusu.

"Kiti."

Akakaa. Akanywa kidogo, akamwangalia Mama usoni. Honi ikapigwa tena, ndefu, na akashika meza ainuke.

"Kiti," Mama akasema.

Daktari akaegemea nyuma, mpaka mgongo wake ukagusa kile kitambaa cha kufuma.

"Toka umwambie dereva azime gari," akaniambia.

Nikatoka kumwambia.